Safari za ziwani na familia kutoka Mwanza: fupi au ndefu?

Hapa tumekusanya maswali ambayo wazazi huuliza zaidi wanapopanga kupeleka familia Ziwa Victoria kwa boti, kivuko au meli. Orodha ya bei hatujaiweka kwa sababu bei hubadilika kila mwezi. Ila tumeeleza namna ya kupiga hesabu yake mwenyewe kabla hujaanza kubishana na mwenye boti.

Safari fupi ni ipi hasa, na ndefu ni ipi?

Wengi huhesabu kwa siku: saa chache ni fupi, kulala huko ni ndefu. Ukiwa na watoto, hesabu hiyo inakupoteza. Jiulize hivi: mtoto akianza kutapika sasa hivi, tutakanyaga nchi kavu baada ya muda gani? Jibu likiwa nusu saa au pungufu, safari yako ni fupi hata kama mtashinda kisiwani mpaka jioni. Jibu likiwa saa tatu, ni ndefu hata kama mtalala nyumbani usiku huohuo.

Kwa kipimo hicho, kisiwa cha Saanane ni fupi. Kuzunguka Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio majini mbele ya jiji, na kutazama machweo ni fupi. Ukerewe kwa meli ni ndefu, Bukoba ni ndefu zaidi. Kisiwa cha Rubondo, ambacho watu hukiogopa kwa umbali, kina kipande kifupi cha maji ukichagua njia vizuri, tutafika huko.

Watoto wangu hawajawahi kupanda chombo chochote. Nianze na ipi?

Anza na kivuko cha Kamanga. Kinaondokea katikati ya jiji, kinachukua kama nusu saa kuvuka kwenda upande wa Sengerema, na nauli yake ni ya wananchi wa kila siku. Panda nao asubuhi, mfike, mnunue mahindi ya kuchoma, mrudi na kivuko kinachofuata. Mkirejea utakuwa umejua mambo matatu ambayo hakuna wakala atakayekwambia: nani anachefukwa, nani hatulii kwenye kiti, na nani anaogopa mlio wa injini. Ni jaribio la bei ndogo kuliko yote yaliyopo Mwanza, na tunashangaa watu wanavyoliruka na kwenda moja kwa moja kukodi boti ya siku nzima.

Baada ya hapo nenda Saanane. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu na ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Boti huondokea upande wa Kapri Point na mnafika ndani ya dakika chache. Kuna swala pala, pimbi kwenye kila jiwe, kenge, na wale mijusi wenye kichwa chekundu ambao watoto huwafukuza bila kuchoka. Mtoto wa miaka minne anaweza kutembea sehemu kubwa ya njia zake, ingawa kwenye miamba ya juu utamshika mkono. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio katika hifadhi za TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo hakikisha simu au kadi yako ina salio kabla hujafika getini.

Umri gani unafaa kwa safari gani?

Wazazi huhofia zaidi mtoto mchanga, lakini anayesumbua kweli ni wa mwaka mmoja na nusu hadi minne. Mchanga anabebwa na analala. Huyu wa pili anatembea, anapanda kila kitu, hasikii, na akishikiliwa kwa zaidi ya saa moja anageuka mwingine kabisa. Mtoto wa rika hilo kwenye boti ndogo anahitaji mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine yoyote: si kupiga picha, si kugawa soda. Kama familia ina watoto wawili wa rika hilo na watu wazima wawili, chukueni safari fupi tu. Kwenye meli ndefu hakuna atakayepata hata nafasi ya kwenda msalani.

Kuanzia miaka mitano au sita, Ukerewe inawezekana. Kuanzia kumi, hata Bukoba na Rubondo zinapendeza, na wa umri huo huanza kununa kwenye zile fupi kwa sababu hawaoni jipya.

Mtoto mchanga tusingempandisha boti ndogo isiyo na paa hata kwa dakika kumi, kwa sababu majaketi okozi ya uzito wake hayapatikani kirahisi kwenye boti za kukodi.

Saa ngapi ni nzuri kutoka?

Hili ndilo jambo linaloamua mengi kuliko urefu wa safari. Ziwa hili lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, na ukubwa huo unalifanya liwe na upepo wake lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana inakuwa kinyume: nchi kavu inapata joto, upepo unageuka na kuja pwani. Ndiyo maana Mwanza kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi maji mara nyingi yametulia, kisha kuanzia saa sita au saba mawimbi yanaanza kupanda na hayalegei mpaka jua linapokaribia kuzama.

Sasa unganisha na urefu. Safari fupi unaweza kuiingiza yote ndani ya saa tulivu za asubuhi. Safari ndefu huwezi; utake usitake, sehemu yake itaangukia alasiri au usiku. Familia nyingi huenda Saanane saa mbili asubuhi, zikaona ziwa limelala kama kioo, zikaamua kwamba Ukerewe kwa boti ndogo nayo itakuwa hivyohivyo. Zikitoka saa saba mchana zinakutana na ziwa lingine kabisa.

Kuna jambo la pili. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na radi huzaliwa huko usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa hiyo mjini kunaweza kuwa kukavu na nyota zinaonekana, huku upande wa kaskazini mbali umeme unapiga. Ukiuona umeme huo, safari ya alfajiri kwa boti ndogo isubiri mpaka wingu lijulikane linaelekea wapi.

Na machweo? Si ni jioni yenye upepo?

Upepo wa mchana huanza kulegea kwenye saa kumi na moja, na ndani ya Ghuba ya Mwanza mnakingwa na nchi kavu pande mbili. Jua hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, mwaka mzima. Tokeni saa kumi na moja na nusu, mrudi kabla giza halijakamilika. Boti isiyo na taa msikubali kubaki nayo nje baada ya saa moja, maana mitumbwi ya wavuvi wa usiku huanza kutoka muda huohuo na nyavu zinakuwa zimetandazwa.

Likizo ya Juni au ya Desemba?

Juni na Julai ni kiangazi, mvua ni za nadra, lakini upepo wa mchana ni mkali na asubuhi kuna baridi ambayo mtoto wa Dar es Salaam ataisikia: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Desemba vuli bado inaendelea, na ngurumo ni nyingi. Tukilazimishwa kuchagua, ndefu ni Juni au Julai. Desemba baki na fupi, ambayo mkiahirisha leo mnaweza kwenda kesho. Masika, Machi hadi Mei, safari za kulala majini na watoto hatuzipendekezi.

Kabla ya yote, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hutoa taarifa za Ziwa Victoria pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Tazama jioni ya kuamkia safari, kisha asubuhi yenyewe.

Mbona boti ya nusu siku inatajwa bei inayokaribiana na ya siku nzima?

Kwa sababu unachonunua kwa sehemu kubwa ni mafuta, na boti ikiwa imefungwa gatini hainywi mafuta. Mashine ya nguvu ya farasi 40 ya kizamani, ile inayochanganywa petroli na oili, hunywa kama lita 15 hadi 20 kwa saa ikikimbizwa kwa nguvu zote. Mashine ya farasi 15 hunywa kama lita 6 au 7. Muulize mwenye boti swali moja: mashine itafanya kazi kwa saa ngapi? Zidisha kwa lita, zidisha kwa bei ya petroli ya Mwanza ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ongeza posho ya nahodha na msaidizi wake, ushuru wa gati au mwalo, na viingilio. Utakachopata kitakuwa karibu na bei ya haki. Tofauti iliyobaki ndiyo ya kuzungumza.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kushinda Saanane au kwenye ufukwe mmoja ni nafuu kuliko kuzunguka visiwa vitatu kwa muda uleule. Inaonyesha pia hatari: bei ikiwa ndogo mno kwa safari ndefu, mahali pa kupunguzia ni kwenye mafuta. Kanuni ya manahodha waangalifu ni theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, na theluthi moja haiguswi. Omba kuonyeshwa madumu kabla ya kuondoka. Haikasirishi mtu anayejua kazi yake.

Ukerewe kwenda na kurudi siku moja, inawezekana?

Inawezekana pale ratiba inaporuhusu, ila hatuoni faida yake. Meli kati ya Mwanza na Nansio, mji mkuu wa kisiwa hicho, hutumia takribani saa tatu au zaidi kidogo kwa upande mmoja. Ukitoa kusubiri, kupanda na kushuka, mtoto amekaa chomboni siku nzima ili aone Nansio kwa muda wa kula samaki. Laleni usiku mmoja angalau. Mbili ndiyo raha. Nansio kuna nyumba za wageni na hoteli, kuna baiskeli za kukodi, fukwe ziko karibu, na kilima cha Handebezyo kinapandika na mtoto wa miaka saba.

Njiani, mkishatoka kwenye Ghuba ya Mwanza, meli hukatiza mdomo wa Ghuba ya Speke. Hapo ndipo mtikisiko huanza, kwa sababu upande mmoja ziwa liko wazi. Mwambie mtoto mapema, na mfuko wa kutapikia uwe mkononi, si ndani ya begi lililo chini ya mabegi mengine.

Uzuri wa Ukerewe, na ndiyo sababu tunaiweka ya kwanza kati ya zile ndefu, ni kwamba ina mlango wa pili. Ziwa likichafuka siku ya kurudi, hamlazimiki kupanda meli. Mnachukua gari Nansio hadi Rugezi, mnavuka kwa kivuko kifupi hadi Kisorya, kisha barabara ya Bunda na Lamadi hadi Mwanza. Ni mzunguko mrefu wa kuchosha, lakini upo. Weka nauli ya njia hiyo pembeni tangu mwanzo.

Kisiwa jirani cha Ukara, kwenye lile jiwe linalocheza, kunahitaji kuvuka tena maji. Iacheni mpaka watoto wakue.

Meli ya usiku ya Bukoba na watoto: ni raha au ni adhabu?

Inategemea daraja la tiketi, na hapa hatuna maneno ya kati. Ukiwa na kabini yenye vitanda, safari ya MV Victoria kupitia Kemondo ni rahisi kuliko basi: watoto wanacheza kidogo, wanakula, wanalala, wanaamka Kagera. Ukiwa daraja la viti vya benchi na watoto wawili, usiku utakuwa mrefu sana. Kama kabini zimekwisha, subirini safari inayofuata.

Nunua tiketi mapema katika ofisi za meli bandarini au kwa njia rasmi ya mtandao, si kwa kijana anayekufuata langoni. Uliza siku hiyo inatoka meli ipi. Chombo kikubwa hutikisika kidogo kuliko kidogo, na MV Mwanza yenye urefu wa mita 92.6, iliyojengwa kubeba abiria 1,200, ni habari tofauti na meli ndogo za visiwani.

Ndani ya kabini: mtoto wa chini ya miaka sita asilale kitanda cha juu. Mlango ufungwe kwa komeo la juu kama lipo. Kama halipo, begi zito liwekwe nyuma ya mlango ili mtoto anayeamka usiku asitoke bila kusikika. Sitahani usiku mtoto ashikwe mkono wakati wote. Nafasi kati ya vyuma vya ukingo hutengenezwa kwa kumfikiria mtu mzima; mpime mwanao pale kwa macho yako na utaona. Sweta na kofia ya sufu si anasa.

Na Rubondo? Tunasikia ni mbali sana.

Ni mbali ukitaka kwenda kwa maji tangu Mwanza, jambo ambalo kwa familia halina maana. Nendeni kwa gari. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikila muda mwingi imekwisha. Mkishavuka mnaelekea Geita, kisha mnachagua: kupanda boti Nkome, ambako maji ni kama saa moja na nusu hadi mbili, au kuendelea kwa gari mpaka Kasenda upande wa Chato, ambako kuvuka ni muda mfupi tu. Na watoto tunachagua Kasenda bila kufikiri mara mbili. Barabara inaongezeka, maji yanapungua, na gari unaweza kulisimamisha mtoto akachimba dawa. Boti huwezi.

Rubondo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977 na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 457. Sokwe waliopo ni kizazi cha wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 na kuachiwa porini. Kuwafuatilia msituni si kazi ya watoto wadogo na kuna masharti ya umri, hivyo uliza TANAPA kabla hujawaahidi. Kuna nzohe (swala wa kwenye matete), tembo, viboko, ndege wa kila aina na uvuvi wa sangara kwa kibali. Kuogelea hakuna: mamba ni wengi. Mkilala kwenye mabanda ya TANAPA, bebeni chakula chenu chote, pamoja na chumvi, kiberiti na maziwa ya mtoto. Kwa chini ya usiku mbili, msijisumbue.

Mtoto anachefukwa. Nifanyeje?

Mawimbi ya ziwani ni mafupi na yanafuatana harakaharaka, kwa hiyo hata mtu aliyesafiri baharini salama anaweza kuangushwa hapa. Chagua kiti cha chini na cha katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo. Mtoto atazame mbali, penye mstari wa maji na mbingu, si simu. Katuni ndiyo chanzo kikubwa cha matapishi kwenye meli ya Nansio. Mpe chakula kikavu na kidogo saa moja kabla: matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), mkate mkavu, ndizi. Chapati ya mafuta na maziwa viache. Kaa naye mbali na moshi wa injini.

Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari zipo maduka ya dawa, na hufanya kazi zikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Mtoto akishaanza kutapika zinachelewa. Nyingi huleta usingizi. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe bila daktari, na promethazine hasa haipewi umri huo. Chumvichumvi ya ORS pakiti mbili mkobani zinatosha kwa siku. Kwa safari fupi, kwa kawaida dawa haihitajiki kabisa. Mkishuka hali inaisha yenyewe.

Jaketi okozi la mtoto nitalijuaje kuwa linamfaa?

Soma kibandiko cha ndani: kinaandika kilo, si umri. Mvalishe, funga vifungo vyote pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha lishike mabegani na ulivute juu kwa nguvu. Kidevu na masikio yakizama ndani ya jaketi, ni kubwa. Majini litapanda na yeye atateleza chini. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kwa kamba si la mtoto.

Angalia pia namba ya nguvu ya kuelea. Lililoandikwa 50 ni kwa anayejua kuogelea. La 100 au 150 limetengenezwa kumgeuza mtu uso ukaelekea juu, na ndilo la kumpa mtoto. Bonyeza sponji: ikibaki imebonyea, imekufa.

Kama mnakwenda ziwani zaidi ya mara moja kwa mwaka, nunua la mwanao mwenyewe. Jaketi la ukubwa sahihi ndicho kitu kinachokosekana kuliko vyote kwenye boti za kukodi, na ukilikosa gatini, safari isiwepo.

Boti yenyewe nitaikagua vipi bila kuwa fundi?

Simama gatini dakika kumi. Je, ina namba ya usajili ubavuni na idadi ya abiria inayoruhusiwa? Cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kipo na hakijaisha muda? Idadi ya majaketi inalingana na vichwa, watoto wakiwemo? Kuna mashine ya akiba au angalau makasia, nanga yenye kamba ndefu, kizima moto, filimbi, tochi, na chombo cha kukumbia maji?

Kisha mwambie awashe mashine. Nyuma yake utaona mchirizi mwembamba wa maji ukiruka pembeni: hayo ndiyo maji yanayopoza injini. Yasipotoka, au yakitoka kwa kudondoka, injini itachemka na kuzima kabla hamjafika. Sababu nyingine za kuzima katikati ya ziwa ni petroli iliyoingia maji, chujio lililoziba, na nyavu au magugu maji kujisokota kwenye propela. Ghuba ya Mwanza ina magugu mengi majira fulani. Msaidizi wa nahodha awe na kisu.

Kinachozamisha zaidi ni kujaza. MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imebeba watu zaidi ya maradufu ya uwezo wake wa abiria 101, na zaidi ya 220 walifariki. Chombo kikikaribia gati abiria wote husimama na kusogea upande wa kushukia; hapo ndipo kilichojaa kupita kiasi hulala. Ninyi na watoto bakini mmekaa mpaka kifungwe. Ukiona watu wanaendelea kupakiwa baada ya viti kujaa, shuka. Nauli itapotea, basi.

Choo?

Boti ndogo hazina. Fupi: kila mtu ajisaidie kabla, hata anayesema hana haja. Ndefu: meli zina vyoo, lakini beba karatasi, sabuni ya maji na sendo za mtoto. Mtoto anayefundishwa kuacha nepi arudishiwe nepi siku hiyo.

Tunaweza kuogelea kutoka kwenye boti?

Tunashauri msiogelee. Kando ya ziwa, hasa penye matete na maji yaliyotulia, kuna konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Mbali na pwani hatari hiyo hupungua, lakini mtoto kwenye kina kirefu ni hatari nyingine, na mamba hawasomi ramani. Mtoto akilowa kwa bahati mbaya, mkaushe mara moja kwa kumsugua na taulo. Wiki sita hadi nane baadaye mpeleke akapimwe choo na mkojo. Dawa yake, praziquantel, inapatikana hospitali. Kwa hamu ya kuogelea, tafuta hoteli yenye bwawa mkirudi.

Jua na maji ya kunywa?

Tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na maji hurudisha mwanga usoni, hivyo kofia peke yake haitoshi. Mikono mirefu, paa au turubai juu ya boti, losheni ya kukinga jua kila baada ya saa mbili. Kwa mtoto mwenye ualbino chagua safari ya kabla ya saa nne asubuhi au ya jioni, na miwani ya jua iwe lazima. Maji: lita moja na nusu kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto kwa nusu siku, mara mbili kwa siku nzima. Ya ziwani msinywe.

Bibi na babu wanataka kuja pia.

Wanakaribishwa, lakini tazama namna ya kupanda. Kwenye mialo mingi unakanyaga maji au ubao mwembamba, na kuruka ukingo wa boti kunahitaji magoti. Vivuko na meli zina ngazi na njia za magari, hivyo kwa wazee safari ndefu ya meli mara nyingine ni nyepesi kuliko fupi ya boti. Dawa zao za siku mbili zaidi zibebwe kwenye mkoba wa mkononi.

Nyaraka gani zinahitajika?

Ndani ya nchi: kitambulisho chako na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, hasa kama mnaomba nauli ya mtoto. Majina ya watoto wote yaandikwe kwenye orodha ya abiria, hata wa kubebwa mgongoni. Mkivuka kwenda Uganda au Kenya, pasipoti au hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Simu zinashika katikati ya ziwa?

Karibu na pwani ndiyo, katikati hukatika. Mwachie mtu nyumbani jina la chombo, namba yake, na saa mnayotarajia kufika. Mkichelewa saa mbili bila habari apige 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Simu iwe kwenye mfuko usiopenya maji, imeninginizwa shingoni mwa mtu mzima.

Tumeshalipia, asubuhi kuna mawimbi, nahodha anasema twendeni tu. Tufanyeje?

Muulize swali hili: kama tungekuwa tunarudi badala ya kwenda, ungetoka? Kisha tazama wavuvi. Mitumbwi ikiwa imevutwa mchangani saa ambayo kawaida iko majini, jibu umeshalipata.

Ili usibanwe na fedha, panga malipo mapema: theluthi moja ya kushikilia nafasi, inayobaki mkiwa mmepanda, na makubaliano kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba hali ya hewa ikizuia siku inasogezwa bila kulipa upya. Wengi wenye boti hukubali kwa zile fupi. Kwa meli, soma masharti nyuma ya tiketi au uliza dirishani kabla ya kulipa. Na usipange safari ndefu ikaishia siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Acha siku mbili, ili mawimbi yakizidi mweze kulala palepale mlipo.